Ulinganisho Nilioukatisha

Ninyi mnaoshika chaki sasa, msinisikilize kama mzee mwenye hekima. Nisikilizeni kama mzee mwenye wivu. Hekima niliyokuwa nayo imepungua pamoja na meno, lakini wivu wangu u mzima, na ndio ulionifundisha kazi hii kuliko inspekta yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu.

Nilifundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, moja ya zile zilizojengwa mtelemkoni, ukifungua dirisha unaliona ziwa. Chuo kikuu sikufika. Nilimaliza sekondari, nikaombwa kushika nafasi ya mwalimu mgonjwa mpaka apone. Yeye akapona, akapata kazi nyingine, mimi nikazeekea pale. Mtu niliyemwonea wivu anaitwa Ramazani. Alifundisha historia vilevile. Mimi nilikuwa na darasa la tano A, yeye tano B, na kati yetu palikuwa na ukuta mmoja ambao aliyeujenga aliibania simenti. Kila kilichosemwa kwake kilifika kwangu.

Ramazani alizaliwa Uvira, katika familia ya Waislamu wauza vitambaa ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu kilikuwa na mikunjo yote ya Mashi ya nyumbani na Kifaransa cha shule. Wanafunzi waliniita Prof. Yeye walimwita Tonton Rama, yaani Mjomba Rama. Mnacheka, lakini fikirini: Prof anasalimiwa barabarani basi. Tonton anaalikwa harusini, anapewa kiti cha mbele, na bibi harusi anamletea sahani kwa mkono wake mwenyewe. Nimekula harusi nyingi za wanafunzi wa Ramazani. Niliingia kama mtu aliyefuatana naye.

Ugonjwa wangu wa kwanza kazini ulikuwa majina. Programu yetu ya mwaka wa tano ilikuwa na sura juu ya Wagriki wa kale walioandika historia, na mimi niliandika ubaoni majina yao yote, miji yao na vitabu vyao, kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya shamba la chai. Mwandiko ndio kitu kimoja ambacho Ramazani hakuweza kunipita. Mtihani ulipofika, wanafunzi wangu waliandika majina bila kosa, na hakuna hata mmoja aliyejua watu wale waliandika ili iweje. Ndiyo maana hapa sitataja jina la Mgriki yeyote. Mtayakuta vitabuni. Yanawangoja, hayana haraka.

Asubuhi moja nilikuwa katikati ya majina hayo nikamsikia Ramazani upande wa pili. Alikuwa anawasimulia juu ya mfalme wa Uajemi aliyetaka kuvusha jeshi lake kwenda kuwapiga Wagriki. Watu wake wakatandika daraja juu ya bahari, dhoruba ikaja ikalivunja. Mfalme akakasirika, akaamuru bahari ichapwe viboko. Tano B walicheka mpaka madirisha yangu yakatikisika. Mtoto mmoja wa kisiwa cha Idjwi, ambaye kila likizo alivuka ziwa kwa mtumbwi na aliyajua maji vizuri, akauliza:

"Tonton, ile maji ililia?"

"Tafuta kwanza aliyeumia," Ramazani akamjibu. "Ni maji, ama ni mfalme?"

 Nilipogeuka kutoka ubaoni nikaona wanafunzi wangu nao wameweka kalamu chini. Walikuwa wanausikiliza ukuta.

Yule Mgriki aliyeiandika habari hiyo alikuwa msafiri. Alikwenda nchi za watu, akauliza wazee na makuhani, akaandika hata yale asiyoyasadiki, akieleza kwamba hayasadiki. Funzo lake lilirudi mara nyingi: mwenye bahati kubwa asisahau kwamba bahati ina mpaka. Lakini hakulipigia kengele. Alikuonyesha mfalme anayechapa maji, kisha akaendelea na safari yake, akakuacha wewe na mfalme.

Mimi nilifanyaje? Niliiba. Kesho yake niliwasimulia tano A hadithi hiyohiyo, na walicheka kweli, ingawa wengi walikuwa wameshaisikia. Kisha nikaogopa kwamba funzo halijaingia. Nikamnyooshea kidole kijana mmoja, Ombeni, aliyekuwa na tabia ya kuchelewa na kuilaumu mvua, nikasema: mfalme yule alikuwa kama Ombeni. Darasa zima likamgeukia. Wiki hiyo baba yake akashuka kutoka Mudaka na matope ya shamba kwenye buti, akaingia chumba cha walimu, akavua kofia.

"Prof," akasema kwa upole mkubwa, "banasema mutoto yangu alichapa ziwa. Lilimukosea nini?"

Walimu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee yule hakucheka, na mimi sikuweza. Ombeni alimaliza mwaka mzima akiwa ananitazama begani, hakunitazama machoni.

Hapo nikajifunza jambo la kwanza, nanyi lichukueni bure. Wagriki wale walipotaka kumfundisha mtu kiburi ni nini, walimwonyesha marehemu wa nchi ya mbali. Marehemu hana haja ya kujitetea. Aliye hai naye hajitetei, kwa sababu jina lake halikutajwa. Akiwa hajitetei, funzo linaingia kama mgeni mwenye adabu, linakaa. Ukimtaja aliyeko mbele yako, anafunga mlango, na unabaki unajihubiria mwenyewe.

Nilimwuliza Ramazani juu ya kazi yake mara moja tu, tukiwa na chai na mandazi wakati wa mapumziko. Nilijifanya nauliza kwa mzaha. Nilimwambia: wewe unajuaje wapi pa kusimamia? Yeye, na hili ndilo lililoniuma, hakuficha kitu. Mtu mchoyo ungemchukia ukapumzika. Ramazani alisogeza kikombe, akanieleza kama mtu anayemwonyesha jirani njia ya sokoni.

Alinieleza juu ya Mgriki mwingine, jemadari aliyechelewa kuuokoa mji, akafukuzwa kwao, akakaa ugenini miaka mingi akiandika vita ambavyo yeye mwenyewe alishindwa. Huyo hakuhubiri hata kidogo. Aliandika jinsi watu wa mji wake wenye nguvu walivyokwenda kwenye kisiwa kidogo, wakawaambia wenyeji kwamba habari ya haki ni ya watu wanaolingana nguvu. Wenyeji wakakataa kusujudu, wakamalizwa. Unageuza ukurasa, na watu walewale wenye nguvu wanajipakia merikebuni kwenda kukishika kisiwa kikubwa cha mbali, na huko wanaangamia, waliobaki wanafungiwa kwenye machimbo ya mawe. Mwandishi hasemi kwamba wameadhibiwa. Ameziweka kurasa mbili karibukaribu tu.

"Weye unagawa funzo kabla watu hawajasikia njaa," Ramazani akaniambia. "Yeye anapika, anaondoka. Harufu inawaita."

Nilimwambia kwamba ni maneno mazuri lakini hayataingia kwenye mtihani wa taifa. Kisha nikaenda nikayafanya kesho yake, neno kwa neno, na kale katoto kengine ka Idjwi kalikokuwa darasani kwangu kakakasirika kwa ajili ya kisiwa kile kidogo mpaka kakasimama.

Basi wivu ukaanza kutafuta kosa lake, kama wivu unavyofanya. Nikalipata. Kuna habari nyingine ambayo Wagriki walipenda sana: mfalme tajiri kupita wote alimkaribisha mgeni mwenye hekima, akamtembeza ghala zake za dhahabu, akamwuliza ni nani mwenye heri kuliko watu wote, akitegemea kusikia jina lake. Mgeni akawataja watu wa kawaida waliokufa vizuri, akasema kwamba mtu aliye hai usimwite mwenye heri kabla ya kuona mwisho wake. Mfalme akamdharau. Baadaye akapoteza mwana, akapoteza ufalme, ndipo akalikumbuka jina la mgeni. Ramazani alipoisimulia, wasichana wa tano B walitoka wakipangusa macho. Na wengi wao walikuwa na kaka huko Kamituga wanachimba dhahabu, kwa hiyo ghala zile hazikuwa mbali nao.

Mimi nilikuwa nimesoma kwamba ukihesabu miaka ya wale wawili, haikubaliani. Huenda hawakuwahi kuonana kabisa. Nikangoja siku walimu wote wamekaa, nikalisema kwa sauti: Ramazani anafundisha mambo yasiyotokea.

Alinitazama bila chuki. Akasema anajua, na kwamba hata Mgriki mmoja aliyeiandika tena hadithi hiyo karne nyingi baadaye alilijua tatizo la miaka, lakini hakuona sababu ya kuitupa hadithi inayofanana na tabia ya mtu kiasi hicho. Kisha, vijana, sikilizeni mtu huyu alivyokuwa. Saa iliyofuata aliingia darasani akasema: Prof Cirhuza amenisahihisha, na ana haki. Akawaeleza habari ya miaka. Akawauliza: sasa, tuibakize au tuitupe? Tano B waligombana saa nzima. Wengine walisema funzo ni kweli hata kama mkutano si kweli. Wengine wakasema mwongo ni mwongo hata akivaa joho. Kisu nilichomchoma nacho alikichomoa, akakatia mkate.

Lakini kanuni yenyewe ishikeni, maana ni yangu. Hadithi ya historia ikikaa sawasawa mno na funzo, kama kifuniko juu ya sufuria, isimamishe kwanza. Uliza nani ameikata kingo. Mgriki mwingine, aliyepelekwa Roma kama dhamana akakaa huko miaka mingi akiwachunguza waliowashinda watu wake, alisisitiza jambo hili: historia ni shule kwa sababu shida za wengine zinakufundisha bila kukuvunja mbavu. Ila aliwakemea vikali waandishi wanaoongeza machozi na mayowe ili msomaji alie. Shule iliyojengwa kwa uongo, alivyoona yeye, itakuangusha siku utakapoitegemea. Nilimpenda huyo. Alikuwa mtu mkavu kama mimi.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwalimu wa historia wa mwaka wa sita alihamia Kinshasa. Mkuu wetu wa shule, Maman Prefe tulivyomwita, alisema mmoja wetu atalichukua darasa hilo, na mwingine atashushwa kwa wadogo ili kuziba pengo. Atakuja kukaa katika somo moja la kila mmoja, kisha ataamua. Ambaye hakufundisha kwetu hawezi kujua uzito wake. Mwalimu wa sita ndiye anayewatoa watoto mlangoni mwa shule. Mtu akiwa waziri au fundi wa redio, akiulizwa ni nani aliyemfundisha, humtaja wa sita. Sisi wa chini tunakuwa kama mawe ya msingi, na jiwe la msingi nani amewahi kulisalimia? Nililitaka darasa lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Na safari hii nilikuwa na silaha yangu mwenyewe, si ya wizi. Katika maktaba ya mapadri nilikuwa nimekuta kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha yule Mgriki wa zama za Warumi aliyeandika maisha ya wakubwa wawili wawili: Mgriki mmoja, Mrumi mmoja, kisha mwisho anawalinganisha. Alieleza kwamba vita kubwa haikuonyeshi mtu alivyo sawa na neno dogo au mzaha. Alisema pia kwamba alianza kuandika kwa ajili ya wengine, akajikuta anaendelea kwa ajili yake mwenyewe, akijitazama ndani ya wale watu kama kwenye kioo, na kurekebisha mavazi ya tabia yake.

Nikawaambia tano A: tokeni, mniletee maisha mawili. Watu wawili wa kazi moja, mtaani kwenu. Msiniletee makubwa waliyoyafanya. Leteni wanachofanya mkono wao wakati hakuna wa kuwasifu. Andikeni maisha ya kwanza, maisha ya pili, na mwisho ulinganisho. Na katika ulinganisho msitoe alama kama za mtihani. Semeni huyu anamzidi yule wapi, na yule anamzidi huyu wapi.

Walivyoleta! Mmoja alileta wauzaji wawili wa soko la Kadutu, wa sambaza, dagaa wa ziwa letu: mmoja huongeza kiganja cha samaki baada ya mnunuzi kutosheka, mwingine huongeza mapema ili mnunuzi asipime tena. Mwingine alileta vijana wawili wa pikipiki. Wote wawili wajuzi, lakini mmoja akifika penye nyumba ya kilio huzima injini, anashuka, anaisukuma mpaka avuke. Niliposoma hivyo nilijua Ramazani amekwisha. Yeye alikuwa na Wagriki tu. Mimi nilikuwa na Wagriki na Bukavu.

Siku ya Maman Prefe kuja kwangu, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilimwalika Ramazani naye aje akae. Nilimwambia ni kwa ajili ya ushirikiano wa walimu. Ukweli ni kwamba nilitaka aone kwa macho yake. Mshindi bila mtazamaji ni kama ngoma bila mchezaji. Akaja na kofia yake nyeupe, akaketi benchi ya nyuma karibu na Maman Prefe, akapakata mikono.

Kanuni ilitaka Kifaransa, ila Maman Prefe alituruhusu Kiswahili, akisema watu wa mtaani hawakuishi maisha yao kwa Kifaransa. Nikamchagua msichana mmoja, Nsimire, asome wa kwanza, kwa kuwa alikuwa na sauti na hakuwa mwoga. Nilikuwa sijaiona kazi yake. Hilo nalo ni kosa, liandikeni. Alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba ameandika maisha ya walimu wawili wa historia.

Nilitaka kumzuia palepale. Lakini ningesemaje? Kazi moja, watu wawili, nilikuwa nimeagiza mwenyewe.

Alianza na Ramazani. Alisema Tonton Rama akisahau jambo hukiri kwamba amesahau, halafu anawauliza wanafunzi. Mwanafunzi akilala humwacha, na akiamka humsimulia alichokikosa. Ila anapenda sifa, na akisifiwa huishika kofia yake kama inataka kuruka. Darasa likacheka. Nilimwona Ramazani akiuteremsha mkono wake taratibu kutoka kichwani.

Kisha akafika kwangu. Alisema Prof wetu huwahi kabla ya mlinzi. Mvua ikiingia dirishani, hupangusa benchi za mbele kwa leso yake mwenyewe, halafu anaificha leso kama ameiiba. Mwandiko wake hauna mwenzake. Hajawahi kutuambia kwamba kuna kitu asichokijua.

"Na akiwa hana somo," akaendelea kusoma, "anasimama korido karibu na mlango wa tano B. Nilifikiri anapeleleza. Siku moja nikaona midomo yake inatembea, kama mutu anajifunza sala. Sisi wa tano A tunapata hadithi za Tonton Rama kesho yake, zimepoa kidogo."

Wakacheka tena. Hawakucheka kwa ubaya, leo najua. Siku ile nilisikia viboko vya bahari mgongoni. Maman Prefe alikuwa ameinamisha kichwa. Ramazani peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na afadhali angecheka.

"Sasa ulinganisho," Nsimire akasema, akageuza karatasi.

"Inatosha. Kaa."

"Prof, bado ulinganisho."

"Nimesema inatosha."

Alikaa. Alikunja karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kuenea kiganjani. Nikamwita mwenye vijana wa pikipiki, akasoma vizuri, na hakuna aliyesikia neno.

Baadaye Maman Prefe aliniita ofisini. Hakunigombeza. Alisema njia ile ni nzuri, ni yangu, na atawaomba walimu wengine waifuate. 

"Lakini ya sita, Papa Cirhuza, inaomba mutu mwenye anaweza kungoja mutoto amalize."

Akampa Ramazani. Mimi nikashushwa kwa wadogo, na huko nikabaki mpaka kustaafu kwangu.

Mngedhani jambo lililonikosesha usingizi ni darasa la sita. Ni ulinganisho. Nilikuwa nimewafundisha kwamba maisha mawili bila ulinganisho ni nyumba bila paa, na nikaling'oa paa la kwangu kwa mkono wangu. Nani alimzidi nani? Wapi? Nsimire hakuniambia, na hakunyoosha mkono tena katika darasa langu. Mwaka uliofuata aliingia sita, kwa Ramazani. Nikajua kwamba Ramazani ameusikia. Nilimwuliza kwa mzaha. Nilimwuliza kwa hasira. Nilimwuliza siku ya sherehe yake ya kustaafu, wakati kila mtu ni mwema. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na mkono kwenye kofia: muulize mwenyewe. Nikaona anafurahia ushindi kwa kunyamaza, na hiyo ndiyo furaha mbaya kuliko zote. Akarudi Uvira kwa watoto wake, akaondoka nao ulinganisho wangu.

Nsimire sasa ni mwalimu wa historia katika shule ileile. Juzijuzi nilipanda pale, nikipumzika kila kona ya njia. Nilimkuta nje ya darasa anakung'uta chaki kwenye mikono, mama mzima mwenye miwani. Nikamwomba msamaha kwanza. Alisema yamepita. Alisema bado anawapa wanafunzi wake maisha mawili, ila amebadilisha mpangilio: wanaanza na ulinganisho, ndipo yanafuata maisha. Nikamwuliza kwa nini.

"Ili prof asibakatishe, Papa," akasema, na akacheka mpaka akavua miwani.

Nilicheka naye, nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia: mwanangu, uliandika nini mwisho? Aliangalia chini, akaangalia ziwa.

"Karatasi ilipotea zamani. Lakini nakumbuka. Niliandika Tonton Rama njo alikuwa mwalimu wa kukuzidi. Usikasirike, Papa."

Sikukasirika. Nilimshukuru. Nilishuka kilima polepole, na ajabu ni kwamba ilikuwa kama nimeambiwa jambo nililolijua tangu siku ile wanafunzi wangu walipousikiliza ukuta. Huwezi kumwonea wivu mwalimu mbaya. Wivu wangu wote ulikuwa sifa kwa Ramazani, nami sikuwahi kumpa hata moja kwa mdomo. Nikaamua nimpe, kabla mmoja wetu hajazikwa. Nikampigia simu Uvira.

Nikamwambia kwamba nimemwuliza Nsimire, na amesema ukweli: wewe ndiye uliyenizidi, nami nilijua, na nilipaswa kukuambia zamani. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Amekuambia hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Bwana Cirhuza," akasema taratibu, "mimi aliniambia ni weye."

Nikamwuliza lini. Akasema mwaka ule alipoingia sita, mwanzoni kabisa. Alikuwa amemwita Nsimire akamwomba asome ulinganisho, akidhani anakijua kitakachosomwa. Msichana akamwambia kwamba ameandika Prof Cirhuza ndiye mwalimu wa kumzidi. Ramazani akabaki na jambo hilo kifuani miaka yote hiyo.

"Na ungeniambia lini?" nikamwuliza.

"Ungekufa bila kulisikia kutoka kinywani mwangu," akasema. "Nilikuwa nimekupokonya darasa la sita. Ningekuambia umenizidi, darasa lile lingebaki na utamu gani?"

Sasa nisikilizeni, vijana, maana nimeahidi kusema kweli. Nilipaswa kufikiri juu ya hekima ya msichana yule, aliyempa kila mmoja wetu sifa za mwenzake ili ajirekebishe, sawasawa na alivyofanya yule Mgriki wa kioo. Nimefikiri hivyo baadaye. Wakati ule nilifikiri jambo moja tu: kwamba Ramazani, Ramazani wa kofia nyeupe na Kiswahili kilichopigwa pasi, alikuwa ananionea wivu. Nilifurahi mpaka nikaketi. Mungu anisamehe, sijafurahi hivyo tangu alipozaliwa mtoto wangu wa kwanza.

Alisema njia ya Uvira ikitulia atapanda Bukavu, tumwendee Nsimire pamoja, atuambie mbele ya wote wawili ni lipi lilikuwa kwenye karatasi. Nikamwambia njia itulie, apande, alale kwangu, mke wangu atamkaangia sambaza. Lakini kwa Nsimire hatuendi.



"Hapo," akasema, "tumepatana."